Jioni ya kukaa na watoto ilipiganiwa: kisa cha Makhan Singh



Jumamosi chache zilizopita timu ya mtaa anayochezea kijana wangu ilikuwa na mechi ya vijana wasiozidi miaka 15. Uwanja wenyewe ni wa vumbi, hauna nyasi wala ukuta, na magoli yake hayana nyavu. Mpira ulianza baada ya swala ya Alasiri. Mimi wakati huo nilikuwa kazini bado, namalizia makaratasi ya mteja aliyetaka kontena lake litoke siku hiyo hiyo. Nilipofika uwanjani nikakuta watoto wanavua njumu. Kijana wangu alikuwa amefunga bao la ushindi.

Hakuninunia. Alinisalimia kwa adabu, akatia jezi yake begini, akatangulia mbele na wenzake. Upole wake ndio ulionichoma. Mtoto akilalamika ujue bado anakutarajia. Akinyamaza, amekwisha kuzoea kwamba hutokuja.

Njiani nilipita barazani kwetu. Pale hukaa mzee mmoja, karani wa maghala wa zamani, sote tunamwita Babu. Akaniuliza matokeo. Nikamwambia kweli, kwamba tumeshinda lakini sikuona. Akacheka kidogo, kisha akanikumbusha kwamba marehemu babangu naye hakuniona nikicheza hata siku moja. Walifanya kazi pamoja, mmoja akihesabu magunia na mwingine akiyabeba. Babangu alikuwa akitoka baada ya Alfajiri na kurudi tukishakula, mgongo umemkaza, mamangu akimpashia maji ya moto. Ni kweli hakuniona. Na mimi sikuwahi kumlaumu kwa sababu nilidhani hivyo ndivyo baba walivyo.

Babu akaniuliza tena: je, namjua mtu aliyeanza kupigania katika nchi hii kwamba kazi iwe na mwisho, mtu atoke arudi kwa wanawe jua halijazama? Nikamtaja Tom Mboya. Akatikisa kichwa. Akasema Mboya alikuja baadaye na mchango wake haukataliwi, lakini kabla yake alikuweko Makhan Singh.

Niliona haya. Nimesoma mpaka diploma, naandika safu hii, na jina la Makhan Singh nalijua kama ninavyolijua jina la barabara, kwa kulisikia tu. Nimekaa siku kadhaa nikitafuta na kusoma habari zake. Leo naomba niwasimulie, kwa sababu naona tuna deni kwake, na sisi watu wa pwani tuna fungu letu katika deni hilo.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, Punjab. Siku hizi sehemu hiyo iko Pakistan. Wazazi wake walikuwa Singasinga. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi, na mwaka 1920 akaja Kenya kufanya kazi ya reli. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana habari za mafundi hao. Kila anayesafiri kwenda Nairobi kwa barabara analijua hekalu lao pale Makindu, ambapo msafiri hulishwa bila kuulizwa dini wala kabila. Lile ni alama ya watu walioshughulika na njia ya reli.

Mtoto alibaki Punjab na mama yake mpaka mwaka 1927. Hapo akiwa na miaka 13 wakavuka bahari, wakashukia hapa Mombasa, wakapanda gari la moshi kwenda kumfuata baba Nairobi. Kwa hiyo naye alikuwa mtoto aliyekua miaka ile muhimu babake yuko mbali kazini. Shikeni jambo hili, nitalirudia.

Nairobi akasoma katika shule ya sekondari ya Wahindi ya serikali, ambayo leo ni Jamhuri High School. Mwaka 1931 akafaulu mtihani wa London wa kumalizia shule. Alikuwa na akili ya kuendelea mbele, lakini nyumbani hakukuwa na fedha. Baba yake alikuwa amekwisha toka reli na kufungua kiwanda cha kuchapisha, basi kijana akaingia humo. Alikuwa pia mshairi wa Kipunjabi. Nasi wapwani tunajua mshairi akishaona dhuluma, kalamu yake huwa haitulii.

Sudh Singh mwenyewe alikuwa amepata kujishughulisha na chama cha mafundi wa reli, kwa hiyo mazungumzo ya haki za wafanyakazi hayakuwa mageni nyumbani. Mwezi Machi 1935 mafundi wa Kihindi wa Nairobi walimwendea Makhan Singh, akiwa na miaka 21, wakamfanya katibu wa chama chao. Jambo lake la kwanza lilikuwa kubadili jina. Chama kilikuwa cha Wahindi. Mwezi uliofuata kikawa chama cha wafanyakazi wa Kenya, mlango wazi kwa kila mfanyakazi bila kutazama rangi wala dini.

Leo jambo hilo laonekana dogo. Wakati ule lilikuwa kubwa. Serikali ya kikoloni ilipanga watu kama tarabe za ngazi: Mzungu juu, Mhindi na Mwarabu katikati, Mwafrika chini. Mshahara ulifuata rangi, nyumba ilifuata rangi, na hata hospitali. Ukiwagawa wafanyakazi hivyo, huna haja ya kupigana nao, kwani watashindana wenyewe kwa wenyewe. Mwanzoni wanachama waliomfuata walikuwa karibu wote Wahindi, na hilo tuliseme wazi. Lakini mlango aliufungua, akaanza kutoa vipeperushi kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, na kufikia mwaka 1939 makamu wa rais wa chama alikuwa Jesse Kariuki.

Sasa twende kwenye saa nane. Mwaka 1936 chama kilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba siku ya kazi iwe saa nane, basi. Hakuna sheria iliyowaruhusu kutangaza hivyo. Walijitegemea wenyewe, kwamba wakiungana mwajiri hatakuwa na la kufanya. Waajiri wengi wakakubali. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili 1937, wakagoma Nairobi wakidai nyongeza ya mshahara. Mgomo ule ulikwenda siku 62.

Hebu ndugu msomaji fikiria siku 62 bila mshahara. Wewe unayenisoma unajua tarehe 20 ya mwezi inavyokuwa, mwenye duka anavyoanza kukuangalia kwa jicho la upande. Wale walikaa miezi miwili. Walipomaliza wakapata nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22, saa nane zikakubaliwa, na waliogoma wakarudishwa kazini. Chama kikakua mpaka kikavuka mpaka wa Uganda na kuitwa cha Afrika Mashariki.

Mwaka 1939 ikawa zamu ya Mombasa. Wafanyakazi wa hapa, makuli wa bandarini wakiwemo, waligoma kwa sababu ya mishahara midogo na kodi za nyumba. Serikali ikaona moto sasa umefika pwani, kwenye mlango wa nchi. Bandari ikisimama, kila kitu bara kinasimama. Hilo lilikuwa kweli wakati ule na ni kweli leo.

Mwisho wa mwaka huo huo Makhan Singh akasafiri kwenda India. Huko akajiunga na wafanyakazi wa viwanda vya nguo, na mwezi Mei 1940 Waingereza wakamkamata. Wakamweka kizuizini bila kumhukumu kwa kosa lolote, na hakuachiwa mpaka mwaka 1945. Baada ya hapo akafanya kazi Lahore katika gazeti la chama cha Kikomunisti.

Hapa nisimame kidogo, maana najua baadhi yenu mmeshakunja uso. Ndiyo, Makhan Singh alikuwa Mkomunisti na hakuficha. Mimi ni Muislamu na siichukui itikadi hiyo, mambo yake mengi hayalingani na ninayoyaamini. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kabla hajapewa utume alihudhuria mapatano ya watu wa Makka nyumbani kwa Abdullahi bin Jud'an. Mfanyabiashara kutoka Yemen alikuwa amedhulumiwa bei ya bidhaa zake, na watu wale, ambao hawakuwa Waislamu, wakaapa kusimama na mdhulumiwa mpaka apate haki yake. Baada ya Uislamu kuja, Mtume aliyasifu mapatano yale na kusema kwamba hata sasa angeitwa angeitika. Na ni yeye aliyetufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Basi kumpa Makhan Singh haki yake hakunipunguzii dini yangu.

Kabla hajarudi Kenya, Mombasa ilikuwa imekwisha tikisika kuliko zamani. Tarehe 13 Januari 1947 watu kama 15,000 waliacha kazi. Waliacha wa bandarini, wa reli, wa mahoteli, na wapishi na watumishi wa majumbani. Kwa siku 12 mji ulisimama. Wakawa wakikutana uwanjani kila siku, watu wa bara na wa pwani pamoja. Chama chao kikaongozwa na Chege Kibachia. Serikali ikaunda baraza la kuamua, likiongozwa na jaji aitwaye Thacker, na mishahara ya wengi ikaongezwa. Lakini mwezi Agosti Kibachia akakamatwa, akapelekwa kufungiwa Kabarnet kwa miaka mingi.

Mwezi huo huo wa Agosti 1947, Makhan Singh akarudi Kenya. Mmoja anaondolewa na mwingine anaingia. Serikali ilijaribu kumfukuza nchini, naye akashikilia kwamba hapa ni kwao na haondoki, wakashindana mahakamani. Kisha akamtafuta Fred Kubai, na tarehe 1 Mei 1949 wakaunganisha vyama kadhaa kuwa muungano mmoja wa vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Kubai alikuwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Mkikuyu na Singasinga, meza moja, wakati sheria zenyewe zilikuwa hazitaki wakae basi moja kwa raha.

Tarehe 23 Aprili 1950 kulikuwa na mkutano mkubwa katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Makhan Singh akasimama na kutoa azimio la kutaka nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Wakati ule viongozi wengi walikuwa bado wanaomba viti viwili vitatu katika baraza la mkoloni. Kuutaja uhuru waziwazi mbele ya watu lilikuwa jambo la kukatisha pumzi. Hazikupita wiki nne. Tarehe 15 Mei alikamatwa yeye na Kubai. Siku ya pili wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa ajili yao, na polisi wakatumia nguvu kuwatawanya.

Kesi yake ilisikilizwa Nyeri mbele ya jaji yule yule Thacker wa Mombasa, ambaye baadaye ndiye aliyemhukumu Mzee Kenyatta kule Kapenguria. Akaamriwa azuiliwe. Wakampeleka Lokitaung, mbali kaskazini mwa Turkana, kisha Maralal, kisha Dol Dol. Alikuwa na miaka 36. Alipoachiwa tarehe 22 Oktoba 1961 alikuwa na miaka 47. Ni miaka kumi na moja na nusu, bila kuiba na bila kuua.

Mimi mwaka huu nina miaka 47. Nilipofika kwenye ukurasa huo nikaifunga simu nikatoka nje.

Alikuwa na mke, Satwant Kaur, na watoto. Fanyeni hesabu nyepesi tu. Mtoto wa miaka 3 siku ile baba anachukuliwa, siku anarudi ana miaka 14. Mtoto huyo amejifunza kusoma, amebadilisha meno, ameanguka na kupona, amecheza mechi zake zote, ameshinda na kushindwa, na sauti imeanza kumkatika, na baba hakuwako hata mara moja. Satwant Kaur ndiye aliyebaki na yote hayo pamoja na wakwe zake. Historia zetu huandika wanaume waliofungwa. Wanawake waliofungiwa nje, waliobaki kujibu maswali ya watoto kila usiku, hutajwa kwa mstari mmoja.

Mwaka 1956, yeye akiwa bado kizuizini, Kenya ilipeleka timu yake ya kwanza kwenye michezo ya Olimpiki, kule Melbourne. Katika timu ya mpira wa magongo walikuwemo vijana wa Kisingasinga wa Kenya. Nimejiuliza habari hizo zilimfikiaje huko alikokuwa, kama zilimfikia. Vijana wa jamii ile ya mafundi sasa walikuwa wanakimbia uwanjani wakiwa wamevaa jina la Kenya vifuani. Mpira hauchezwi na mtoto ambaye nyumbani kwao watu hawana nafasi hata ya kupumua. Lazima pawe na mtu mzima mwenye jioni, wa kumpeleka, kumkaripia na kumtazama.

Na jambo lililonishika zaidi ni kwamba mlango wa kutoka ulikuwapo. Serikali ilikuwa tayari kumwachia kama angekubali kuondoka Kenya arudi India. Angechukua mkewe na wanawe, akaishi nao. Alikataa. Alisema kwao ni Kenya.

Nimelizungumza hili na mke wangu, naye hakumsamehe haraka. Alisema ni rahisi kwa mwanamume kuwa baba wa nchi kama yuko mwanamke wa kuwa baba na mama wa nyumba. Sikuwa na jibu na sijalipata mpaka leo. Labda jibu liko katika utoto wake mwenyewe, alivyokaa Punjab akimngoja babake aliyekwenda kujenga reli ya watu wengine. Labda aliona kwamba akikubali kuondoka angewapata wanawe yeye mmoja, na baba wengine maelfu wangebaki bila wao. Hayo ni mawazo yangu. Ninachojua ni kwamba gharama haikulipwa na yeye peke yake. Wanawe nao walilipa, na hawakuulizwa.

Alipotoka hakukuta zulia jekundu. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimekwisha shikwa na watu wengine, chini ya Tom Mboya, na siasa ya dunia ya wakati ule haikumtaka Mkomunisti. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 alioutaja kabla ya wengi, hakupewa cheo chochote cha maana. Hakwenda kulia magazetini. Alikaa chini akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya mpaka mwaka 1952, ikachapishwa mwaka 1969, na sehemu ya pili ikatoka baada ya kufa kwake. Alikuwa ameweka makaratasi, vipeperushi na barua za miaka yote, na kwa sababu hiyo leo tunajua hata migomo ya Mombasa ilivyokwenda. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973, akiwa na miaka 59.

Sasa niwaulize, alichopigania kiko wapi?

Katika maandishi kipo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa uadilifu, kujiunga na chama na kugoma. Sheria ya ajira ya 2007 inatoa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi kwa malipo, miezi mitatu kwa mama aliyejifungua, na wiki mbili kwa baba. Naam, wiki mbili kwa baba, jambo ambalo babangu angelisikia angedhani ni mzaha. Saa za kazi kwa jumla ni 52 kwa wiki ya siku sita. Zigawe utaona bado zinapita saa nane kwa siku, zile zilizodaiwa mwaka 1936.

Lakini shukeni uwanjani kwetu muone. Kipa wa timu yetu babake ni mlinzi wa usiku. Zamu yake ni saa 12, siku sita, mara nyengine saba. Mchana amelala na jioni anafunga viatu. Mshambuliaji mmoja babake ni kibarua, akiamka hajui kama leo kuna kazi, na ikiwapo haulizi inaisha saa ngapi kwa sababu wenye kuingoja nje ya geti ni wengi. Wazee hawa wanapenda watoto wao kama ninavyompenda wangu. Wakikosa kuonekana uwanjani watu husema wazazi wa siku hizi wamewatupa watoto, ndiyo maana vijana wanaingia kwenye magenge na unga. Mimi nimeyasema hayo katika safu hii hii zaidi ya mara moja. Leo naona niliwalaumu watu kwa kukosa kitu walichonyang'anywa.

Na bado sijafika penye kuuma.

Nyumbani kwangu yuko dada anayetusaidia kazi. Ni mcha Mungu, mpole, watoto wanampenda. Ana kijana wake kijijini upande wa Kilifi, anaishi na bibi yake. Usiku mmoja, nikiwa katikati ya kusoma habari hizi za mwaka 1947, za wapishi na watumishi wa majumbani walioacha kazi pamoja na makuli, nikasikia vyombo vinaoshwa jikoni. Nikatazama saa. Ilikuwa saa nne na nusu usiku. Dada yule ameamka kabla ya Alfajiri kutia maji birikani.

Nikahesabu kwa vidole. Saa 17. Hata ukitoa za kula na kuswali, hesabu haifiki pazuri. Na siku yake ya mapumziko tulikuwa tukimpa tukikumbuka.

Asubuhi nikamuuliza kijana wake anasoma darasa la ngapi. Akanijibu. Nikamuuliza anapenda nini. Akasema anapenda mpira, amechaguliwa timu ya shule, ila yeye hajamuona akicheza. Aliyasema bila kulalamika, kwa ule upole niliouona kwa mwanangu. Basi nikajua kwamba mimi niliyekuwa namhurumia babangu, nimekuwa yule tajiri wa babangu.

Tumekaa mimi na mke wangu tukapanga. Siku moja kila wiki ni yake, kamili, isiyoombwa. Mwisho wa mwezi anapata siku mbili zifuatane, na nauli ni juu yetu. Jikoni kunafungwa baada ya Isha, atakayetaka chai baada ya hapo ana mikono. Nyumba haikuanguka. Kilichoanguka ni uvivu wetu kidogo. Sisemi haya kujisifu, maana anayerudisha haki ya mtu amechelewa tu kulipa deni.

Kazini nako nimemwambia bosi wangu kwamba Jumamosi baada ya saa saba mchana simo. Hakufurahi. Mimi nina kazi ya kuandikwa na naweza kusema hivyo na kesho nikarudi mezani kwangu. Kibarua hawezi. Kwa hivyo sisi tunaoweza kusema tukinyamaza, tunamfanya asiyeweza aonekane mkorofi siku atakapojaribu.

Nina maombi mawili kwa wasomaji wangu. Kwanza, wewe ambaye jioni unayo, usiiuze yote. Najua gharama za maisha, najua karo. Lakini yuko mtu aliyekaa Lokitaung ili jioni ile iwe yako, na wewe unaimaliza barazani au kwenye simu. Nenda uwanjani. Si lazima ujue mpira.

Pili, hesabu saa za mtu aliye chini yako. Awe jikoni kwako, dukani kwako, kwenye tuktuk yako au getini kwako. Sote huwa tunazijua saa tulizodhulumiwa sisi. Za tuliowadhulumu hatuzihesabu.

Jumamosi iliyopita nilifika uwanjani kabla ya refa. Tulifungwa mabao matatu kwa moja, na kijana wangu akakosa nafasi ya wazi ambayo hata mimi ningefunga. Baada ya mpira akaja moja kwa moja kunieleza kwa nini alikosa, maelezo marefu yasiyo na ukweli sana, na tukaenda nayo mpaka nyumbani. Mlangoni tukamkuta dada anafunga mkoba wake, anakwenda kupanda matatu ya Kilifi. Kijana wake alikuwa na mechi Jumapili.

Wabillahi taufiq.